Wafo za Wanga Kidogo Badala ya Mkate: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara watu wanapoanza kupika wafo za mayai na jibini ili wapunguze kula mkate. Nimezipika karibu kila asubuhi tangu mama yangu, mwenye kisukari cha aina ya pili, alipoambiwa apunguze slesi, naye ni mtu ambaye chai bila kitafunio haimshuki. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Wafo ya wanga kidogo ni kitu gani hasa?

Wafo ni mkate mwembamba unaopikwa kwa kubanwa kati ya mabamba mawili ya moto yenye vijumba vya mraba, hivyo hutoka ukiwa na vishimo pande zote mbili. Ile ya kawaida hutengenezwa kwa unga wa ngano, maziwa, sukari na mayai. Ile ya wanga kidogo haitiwi ngano wala sukari, na katika umbo lake la msingi ina vitu viwili tu: yai moja na jibini iliyokunwa. Ilivuma sana Marekani mwaka 2019 miongoni mwa wafuasi wa mlo wa keto, yaani mlo unaopunguza wanga kwa kiasi kikubwa na kuyafanya mafuta kuwa chanzo kikuu cha nguvu za mwili.

Kinachoishikilia ni protini. Yai likipata joto huganda, jibini huyeyuka na kuenea ndani yake, na sehemu inayogusa bamba hukaangika katika mafuta yake yenyewe hadi ikafanya ganda la rangi ya dhahabu. Hakuna hamira wala kusubiri unga uumuke.

2. Je, inafanana kweli na mkate?

Kwa kazi, ndiyo. Kwa ladha, si sana, na ni afadhali mtu alijue hilo mapema. Unaweza kuishika mkononi, kuipaka siagi ya karanga, kuibana na mboga katikati na kuifunga kwa safari bila kumeguka. Lakini haina ule ulaini wa ndani wa boflo, wala hainyonyi chai. Ukiichovya kikombeni, chai huingia vishimoni na kutoka, na baada ya mara mbili tatu utaona matone madogo ya mafuta yakielea juu. Mama aliacha kuchovya wiki ya kwanza, akawa anatafuna kwanza kisha anashushia na chai, na tangu hapo hajalalamika.

3. Wanga hupungua kwa kiasi gani?

Slesi moja ya mkate mweupe yenye uzito wa gramu 30 ina takribani gramu 15 za wanga, kwa hiyo slesi mbili zina gramu 30 hivi. Yai moja na gramu 50 za jibini ya mozarela, ambazo hutoa wafo mbili ndogo, zina wanga wa gramu 2 tu au chini kidogo ya hapo, pamoja na protini gramu 18 na mafuta gramu 15 au 16.

Nguvu yake, hata hivyo, ni takribani kalori 220, ambayo huizidi ile ya slesi mbili za mkate. Anayezila kwa lengo la kupunguza uzito asidhani kwamba anaweza kuzila bila hesabu.

## Viungo

4. Vipimo vya msingi ni vipi?

Yai moja la kuku wa kisasa, lenye uzito wa gramu 50 hivi bila ganda, na gramu 50 za jibini iliyokunwa, yaani kama nusu kikombe bila kushindilia, hutosha wafo mbili za upana wa sentimita 10. Mayai ya kienyeji huwa madogo, na ukitumia moja kwa kipimo hicho hicho cha jibini, wafo itatoka nzito na yenye mafuta mengi. Shusha jibini hadi gramu 40.

Ili ifanane zaidi na mkate, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha unga wa lozi na robo kijiko cha chai cha beking pauda. Usitie chumvi, kwa sababu jibini inayo ya kutosha.

5. Nitumie jibini gani?

Iliyo bora kwa kuanzia ni mozarela ngumu, ile inayouzwa kama bonge kavu au ikiwa imekunwa kwa ajili ya piza. Haina ladha kali, huyeyuka vizuri, na hutoa mafuta ya kadiri. Ile mozarela mbichi ya mviringo inayokaa ndani ya maji haifai bila kukamuliwa, kwa kuwa maji yake hugeuka mvuke na kuifanya wafo kuwa teketeke.

Cheda ina mafuta zaidi na hutoa wafo kavu inayovunjika kwa mlio, tamu sana kuliwa ikiwa moto, ingawa mafuta yake huchuruzika hadi kingo za mashine. Gouda iko katikati ya hizo mbili. Walioko Goma na Bukavu wana bahati ya kuwa na jibini ya Masisi, ambayo ni ya jamaa ya gouda na hufanya kazi hii vizuri, hasa ikiwa haijakomaa sana. Ukiwa na cheda au gouda peke yake, changanya na kijiko kikubwa kimoja cha unga wa lozi au wa machicha ili uyanyonye mafuta.

Zipo jibini zisizoyeyuka kabisa, kwa mfano halumi, na ile ya nyumbani ambayo Wahindi huiita paneri, inayopatikana kwa kukatisha maziwa ya moto kwa ndimu. Hizo hubaki chembechembe ndani ya yai, na unachopata ni kimanda chenye vishimo. Kuhusu ile iliyokunwa dukani, soma maandishi ya pakiti: nyingi hunyunyiziwa wanga wa viazi au selulosi ili nyuzi zisigandamane. Kiasi chake ni kidogo, lakini kwa anayehesabu kila gramu ni afadhali anunue bonge na kulikuna mwenyewe.

6. Unga wa lozi ni ghali. Naweza kutumia nini badala yake?

Hapa ndipo jiko la pwani linapokuwa na jibu lake lenyewe, nalo ni machicha. Baada ya kukamua tui, machicha yanayobaki ambayo wengi huwapa kuku ndiyo hasa malighafi ya unga wa nazi unaouzwa kwa bei kubwa kwenye maduka ya vyakula vya afya. Yakamue mara ya mwisho kwa nguvu, yatandaze membamba kwenye sinia, yakaushe katika oveni ya moto mdogo au kwenye jua kali huku ukiyageuza, mpaka ukiyasugua kati ya vidole yawe kama mchanga mkavu na yasigandamane. Kisha yasage kwa blenda na kuyachekecha. Yakibaki na unyevu, huchacha siku ya pili, na harufu yake utaijua mara moja.

Unga wa machicha una nyuzinyuzi nyingi na hunywa maji kupita kiasi, kwa hiyo kipimo chake si sawa na cha lozi. Pale ambapo lozi ni kijiko kikubwa kimoja, machicha ni kijiko kimoja cha chai, na uliache rojo litulie dakika tano kabla ya kulimimina. Mara ya kwanza nilitia kijiko kikubwa kilichojaa. Rojo likawa donge, na wafo ikatoka kavu kiasi cha kumkwama mtu kooni.

Karanga zilizosagwa pia zinafaa, kwa kuwa gramu 100 zina wanga wa gramu 16 hivi na nusu yake ni nyuzinyuzi. Chagua karanga safi na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa sababu ya sumukuvu, ambayo haiondoki kwa joto la kupikia. Unga wa ufuta hufaa kwa kiasi kidogo kwa kuwa una uchungu. Korosho ni tamu, lakini wanga wake ni takribani gramu 30 kwa kila gramu 100, na nyuzinyuzi zake ni chache.

7. Je, unga wa muhogo, wa ndizi au wa dengu si wa asili na hauna gluteni?

Ni kweli hauna gluteni, yaani ile protini ya ngano, lakini kutokuwa na gluteni na kuwa na wanga kidogo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumewaponza wengi. Unga wa muhogo na wa ndizi mbichi una wanga wa zaidi ya gramu 75 kwa kila gramu 100, yaani sawa na ngano au zaidi. Unga wa dengu una afadhali, kwa takribani gramu 58 ambazo 11 kati yake ni nyuzinyuzi, ila bado ni mwingi kwa kusudi hili. Unga wa mtama na wa ulezi ni nafaka kama nafaka nyingine.

8. Nitajuaje kwamba jibini ni halali?

Jambo la kutazama ni kimeng'enya kilichogandisha maziwa. Kiasili hutoka kwenye tumbo la ndama, na swali la jinsi ndama huyo alivyochinjwa huzuka hapo; jibini nyingi za viwandani siku hizi hutumia kimeng'enya kinachotokana na vijidudu au kuvu. Tafuta alama ya halali kwenye pakiti, na ukiwa na shaka tumia pishi lisilo na jibini lililo katika swali la 18.

9. Nifanyeje ili isinuke yai?

Kwanza iache ipoe, kwa maana harufu ya yai huwa kali zaidi wakati wafo ingali na mvuke. Kama haitoshi, tumia ute mweupe wa mayai mawili badala ya yai zima. Punje chache za binzari nyembamba iliyokaangwa, kitunguu saumu kilichosagwa au majani ya giligilani huifunika harufu iliyobaki.

## Kupika

10. Hatua zake ni zipi?

Washa mashine na uiache ipate moto kamili, dakika tatu hadi tano, hata kama taa yake imekwisha kuonyesha kwamba iko tayari. Piga yai, tia jibini na unga, koroga. Paka mabamba mafuta kidogo sana kwa brashi. Nyunyiza nyuzi chache za jibini moja kwa moja kwenye bamba la chini, ziache kwa sekunde kumi na tano hadi zianze kuchemka, kisha mimina nusu ya rojo, nyunyiza nyuzi nyingine juu, na ufunge. Nyuzi hizo ndizo zinazofanya ganda.

Halafu usifungue. Mvuke utatoka kwa wingi pembeni, utapungua, na mwishowe utakoma kabisa. Ukikoma, ongeza nusu dakika ndipo ufungue. Kwa mashine ndogo jumla ni dakika nne au tano. Itoe kwa uma au kijiti cha mbao na uiweke juu ya wavu wa kupozea kwa dakika kumi. Usiiweke kwenye sahani, kwa sababu mvuke utajikusanya chini na kuilowesha upya.

11. Inashika kwenye bamba na kuraruka vipande viwili. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni kwamba imefunguliwa mapema. Wafo ambayo haijaiva huwa imeshikamana na bamba la juu na la chini kwa nguvu sawa, kwa hiyo ukiinua kifuniko inagawanyika katikati. Ukihisi kifuniko kinakataa kuinuka, usikilazimishe. Rudisha na usubiri dakika moja, na mara nyingi itajiachia yenyewe. Sababu nyingine ni mabamba ambayo hayakupata moto wa kutosha, au mabaki ya jibini iliyoungua jana. Yasafishe kwa kitambaa chenye maji mashine ikiwa ingali vuguvugu na imechomolewa kwenye umeme, na usitumie steliwaya, kwa kuwa huondoa utando unaozuia chakula kushika.

12. Kwa nini inatoka laini kama kimanda?

Ni maji. Huenda jibini ina unyevu (swali la 5), umefungua kabla mvuke haujakoma (swali la 10), umejaza rojo kupita kiasi, au umeipoza kwenye sahani. Ikiwa umeyaangalia yote hayo na bado ni laini, irudishe kwenye mashine kwa dakika mbili baada ya kupoa. Wafo iliyopikwa mara mbili kwa namna hii ndiyo inayokaribia zaidi mkate uliobanikwa, na nyumbani kwetu sasa huo ndio utaratibu wa kila siku.

13. Sina mashine ya wafo. Naweza kupika bila hiyo?

Unaweza. Mashine ya sandwichi hufanya kazi ile ile bila vishimo. Kwenye kikaango kisichoshika chakula, tandaza rojo jembamba, funika, tumia moto wa wastani, na ugeuze likishakauka juu. Kwa jiko la mkaa ni lazima mkaa uwe umepungua ukali, la sivyo jibini itaungua kabla yai halijaiva. Chuma cha chapati kilichozoea mafuta hutoa matokeo mazuri kuliko kikaango kipya, ingawa ni vizuri kujaribu kipande kidogo kwanza.

14. Jamaa yangu ameniletea mashine kutoka Marekani. Naweza kuitumia huku?

Geuza mashine usome kibandiko cha chini. Umeme wa Marekani ni volti 120, wakati wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ni kati ya 220 na 240. Mashine iliyoandikwa 120 peke yake ikichomekwa huku kwa kibadilisha plagi cha kawaida itaungua, kwa kuwa kifaa hicho hubadilisha miguu ya plagi tu na wala hakigusi volti. Ya kwanza tuliyoletewa iliishi chini ya dakika moja. Utahitaji transfoma yenye uwezo wa kuzidi wati zilizoandikwa kwenye mashine, na kwa gharama hiyo ni nafuu kununua mashine ya volti 240 hapa hapa.

## Kula na kuhifadhi

15. Huliwa na nini?

Na chochote kinacholiwa na mkate wa chumvi: parachichi lililopondwa kwa ndimu na pilipili, kuku aliyechambuliwa, samaki wa kuchoma, mchicha uliokaangwa, kachumbari iliyochujwa maji. Mchuzi mzito wa nazi nao unafaa, ukimwagwa juu wakati wa kula. Maharage ni chakula kizuri, ila yana wanga wake, na mwenye kuhesabu ayahesabu.

Wanaopenda tamu hutia iliki, vanila na mdalasini kwenye rojo la mozarela, na inapendeza hivyo hivyo. Asali na tende ni sukari, hata ziwe za asili kiasi gani. Ukizimwagia juu, umerudisha kile ulichokuwa ukikikimbia.

16. Zinakaa kwa muda gani?

Kwa siku tatu au nne kwenye friji, na mwezi mmoja au miwili kwenye friza zikitenganishwa kwa karatasi ya kuokea. Zipoe kabisa kabla ya kufungwa. Zipashe moto kwenye tosta, oveni au kikaango kikavu, maikrowevu huzilegeza. Katika joto la pwani usiziache nje kwa zaidi ya saa mbili, kwa kuwa ni mayai na maziwa.

## Afya

17. Mgonjwa wa kisukari au presha anaweza kuzila kwa uhuru?

Wafo zenyewe hazipandishi sukari kwa kasi kama mkate, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenclamide, gliclazide na glimepiride, kama majina yanavyoandikwa kwenye pakiti, hupewa dozi kwa kuzingatia wanga anaokula. Akiacha mkate ghafla na kuendelea na dozi ile ile, sukari inaweza kushuka mno: kutetemeka, jasho jembamba, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Wanaotumia dapagliflozin au empagliflozin nao, wakipunguza wanga sana, wamo katika hatari ya damu kujaa asidi hata sukari ikiwa haijapanda. Kwa mama, daktari alipunguza dawa kwanza ndipo tukapunguza mkate, na tulipima sukari kila asubuhi na kabla ya kulala kwa wiki za mwanzo. Naomba yeyote mwenye hali hiyo asianze kabla ya kuongea na anayemtibu.

Mwenye presha atazame chumvi ya jibini. Mozarela kwa kawaida ina chumvi ndogo kuliko cheda na gouda. Mwenye ugonjwa wa figo anahitaji ushauri kuhusu kiasi cha protini, na mwenye lehemu nyingi kwenye damu kuhusu mafuta ya jibini. Mjamzito asianze mlo wa kupunguza wanga sana kwa uamuzi wake mwenyewe.

## Hali za pekee

18. Sili jibini au maziwa. Kuna namna nyingine?

Ipo. Chukua mayai mawili, vijiko vikubwa vitatu vya unga wa lozi au karanga, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, na chumvi kidogo, kwa kuwa safari hii hakuna jibini ya kuileta. Ukiongeza nusu kijiko cha chai cha maganda ya psiliamu, ambayo maduka ya Kihindi huyauza kwa jina la isabgol, rojo litashikamana na wafo itakunjika bila kukatika. Iache dakika tano ivimbe, na upake mabamba mafuta zaidi. Ni laini kuliko ile ya jibini, na kwa kweli ladha yake iko karibu zaidi na mkate.

19. Na asiyekula mayai?

Hapa matokeo hushuka. Kijiko kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa, kilicholowekwa katika vijiko vitatu vya maji kwa dakika kumi, hushika nafasi ya yai moja kwa kiasi fulani, lakini hakigandi kama yai na wafo huvunjika ukiibana. Kwa mtu huyo napendekeza chapati nyembamba ya unga wa lozi na psiliamu kwenye kikaango, kwa sababu haitegemei kuinuliwa kutoka bamba mbili kwa wakati mmoja.

20. Gharama yake ikoje ukilinganisha na mkate?

Ni kubwa, na sababu yake ni jibini. Nyumbani kwetu anayezila kila siku ni mama peke yake. Wengine hula mkate na viazi kama kawaida. Bonge la jibini tunalinunua kubwa, tunalikuna lote siku hiyo hiyo, tunaligawa katika vifuko vya gramu 50 na kuviweka kwenye friza. Jibini iliyogandishwa huyeyuka vilevile ikifika kwenye bamba, na kila kifuko kinakuwa kifungua kinywa kimoja.